Kwa Nini Dawa ya Moyo Haikatizwi Ghafla

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika siku ya upimaji wa presha

Mada ya leo inahusu ugonjwa ambao kila mtu hapa anaujua kwa jina la presha, ila safari hii itaingia ndani kuliko ilivyozoeleka, hadi kwenye msuli wa moyo wenyewe, pale ambapo adrenalini hupokelewa. Sababu ya kwenda huko ni moja. Huko ndiko kuna jibu la swali ambalo wahudumu huulizwa kila siku ya kliniki: "Daktari, kama najisikia mzima, kwa nini nisiache dawa?"

Chukulia fundi wa ujenzi mwenye umri wa miaka 52. Amepimwa presha sokoni kwa bahati tu, alipokuwa akisubiri chenji, ikasoma 170 kwa 105. Akatumwa hospitali ya kaunti ndogo, akapimwa moyo kwa mashine, akaambiwa ukuta wa moyo wake umenenepa. Akaandikiwa vidonge, kimojawapo kikiwa cha kupunguza kasi ya moyo. Miezi minne baadaye presha imeshuka, kichwa hakimuumi, analala vizuri. Kisha msiba ukatokea nyumbani kwao, mbali na anakofanya kazi. Akapanda gari usiku bila dawa, kwa kuwa zilikuwa zimebaki chache na hakuona haja. Siku ya nne, katikati ya matanga, moyo ukaanza kwenda mbio na kifua kikabana.

Fundi huyu ni wa mfano tu, hana jina. Lakini muuguzi yeyote wa kliniki ya presha atasema amekutana naye, tena si mara moja. Jambo la kuuliza si kwa nini presha ilirudi, kwa maana hilo halishangazi. La kuuliza ni kwa nini moyo ulianza kumsumbua kwa namna ambayo haukuwahi kumsumbua hata kabla ya kuanza dawa.

Inafaa kuanza na huo ukuta. Moyo una vyumba vinne, na chumba cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima kupitia mshipa mkubwa uitwao aota. Kwa mtu mzima asiye na shida, ukuta wa chumba hicho una unene wa takriban sentimita moja. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika hujikaza zaidi ya mara laki moja kwa siku, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Presha ikiwa juu, kila pigo kati ya hayo laki moja ni zito kuliko lilivyopaswa kuwa, kama mtu anayesukuma mlango ambao kuna mwenzake anausukuma kutoka upande wa pili.

Msuli unaofanyishwa kazi nzito hunenepa. Mikono ya mchukuzi wa mizigo sokoni hunenepa, na watu humsifu kwa nguvu. Moyo nao hunenepa, lakini hapo hakuna cha kusifia. Mchukuzi hutua mzigo, akaketi, akanywa chai, moyo hautui. Tena mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo haiongezeki kwa kadiri msuli ulivyoongezeka, hivyo sehemu za ndani za ukuta huanza kukosa chakula na hewa. Nyuzi ngumu za kovu hujipenyeza katikati ya seli. Ukuta unakuwa mnene na mgumu, na chumba hakifunguki vizuri kupokea damu. Mtaani mtu akiambiwa ana moyo mkubwa ni sifa. Kwenye karatasi ya hospitali si habari njema.

Ubaya wake ni kwamba hatua hizi zote hupita kimya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Msuli hunenepa kwa miaka bila kuuma. Dalili huja baadaye: kukosa pumzi kwenye kilima ambacho mtu alizoea kukipanda akizungumza, kuhitaji mito miwili au mitatu ili kulala, miguu kuvimba jioni.

Sasa, nani huuambia moyo uongeze kasi? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa adrenalini. Na neva zinazofika moyoni hutoa ndugu yake wa karibu, noradrenalini. Mtu akikoswakoswa na bodaboda barabarani, au akipigiwa simu saa nane za usiku, kemikali hizo mbili hufika moyoni mara moja, na moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu. Ni mpango mzuri wa kumwokoa mtu katika hatari ya dakika chache.

Lakini adrenalini haiingii ndani ya seli ya moyo. Inabisha nje. Kwenye ngozi ya kila seli kuna protini maalumu zinazoitwa vipokezi, na kazi yake ni kuisikia adrenalini na kupeleka habari ndani. Anayetaka picha rahisi avichukulie kuwa ni masikio ya seli. Mwaka 1948 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Raymond Ahlquist, aliyekuwa akifundisha katika jimbo la Georgia, aliandika kwamba masikio hayo ni ya aina mbili, akayapa majina ya herufi za Kigiriki, alfa na beta. Ya alfa kazi yake kubwa ni kubana mishipa ya damu; ya beta huharakisha moyo. Makala yake ilikataliwa kwanza kabla ya kupata jarida la kuichapisha, na kwa miaka kadhaa wenzake hawakuijali. Baadaye beta nazo zikagawanywa: beta-1, ambazo ndizo nyingi moyoni, na beta-2, ambazo ni nyingi kwenye njia za hewa za mapafu. Wenye pumu wazishike hizo beta-2, zitarudiwa.

Aliyeichukua makala hiyo kwa uzito ni daktari Mskoti, James Black. Wakati huo watu walitafuta namna ya kuuongezea damu moyo wenye shida. Black aliona kuna njia nyingine, nayo ni kuupunguzia moyo kazi kwa kuyaziba masikio yake ya beta. Akiwa na kampuni ya ICI nchini Uingereza alitengeneza propranololi, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli. Propranololi bado ipo madukani hadi leo, na ndugu zake ni atenololi, metoprololi, bisoprololi na kavediloli. Njia nyepesi ya kuwatambua ni kutazama boksi: majina yao huishia kwa herufi tatu, l, o, l. Mtu akiziona, ajue ameshika dawa inayogusa masikio ya moyo.

Sasa turudi kwa moyo ulionenepa. Moyo ukianza kulemewa, mwili hudhani kuna hatari. Hautofautishi simba na presha. Basi hutoa noradrenalini, si kwa dakika kumi, bali mchana na usiku kwa miezi na miaka. Jirani akifungua redio kwa sauti ya juu usiku kucha, mwenye nyumba hujifunika mto masikioni. Seli ya moyo hufanya vivyo hivyo. Kwanza hukiwekea kipokezi alama ya kemikali inayokifanya kisisikie vizuri. Kisha hukivuta ndani. Na kelele zikiendelea, hukivunjavunja kabisa. Hatua hizo zilifichuliwa kwa kazi ya miaka mingi iliyoongozwa na Robert Lefkowitz wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye mwaka 2012 alipokea Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Brian Kobilka.

Katika moyo wa binadamu ushahidi ulipatikana kwa njia ya upandikizaji. Mtu anapowekewa moyo mwingine, ule wake wa zamani hutolewa, na unaweza kupelekwa maabara. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake, huko California, walipima vipokezi vya beta katika mioyo iliyokwisha kushindwa kazi, wakakuta vimepungua kwa karibu nusu. Na mwaka 1993, katika hospitali ya Hammersmith jijini London, watafiti walitumia mashine ya picha kuvitazama vipokezi ndani ya watu walio hai, ambao kuta za mioyo yao zilinenepa kwa ugonjwa wa kurithi. Hao nao vipokezi vyao vilikuwa vimepungua, si mahali pamoja tu bali moyo mzima.

Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio halijafa, limejificha. Na kujificha huko kuna hasara kubwa: siku mwili unapohitaji kweli moyo uongeze nguvu, kwa mfano mtu akipanda ngazi au akipata homa kali, amri hutolewa na haisikiki vizuri. Hapohapo ile kelele haijaondoka. Noradrenalini nyingi kwa muda mrefu huziumiza seli za moyo, huzidisha kovu, na huweza kuvuruga mapigo.

Mtu angeweza kufikiri kwamba moyo uliochoka na uliopoteza masikio unahitaji kupigiwa kelele zaidi, au kupewa dawa ya kuusukuma. Madaktari nao walifikiri hivyo. Vitabu vilikataza kabisa kumpa dawa ya kuzuia beta mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi, na katazo hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa kipimo kikubwa kikitolewa ghafla kinaweza kumzidishia ugonjwa. Mwaka 1975, katika mji wa Gothenburg nchini Sweden, Finn Waagstein na wenzake walichapisha habari za wagonjwa saba waliopewa dawa hizo kwa uangalifu, na wakapata nafuu. Saba tu. Wengi hawakuamini. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi majaribio makubwa yakafanyika. Moja kati ya hayo, lililotolewa mwaka 1999, lilikuwa na wagonjwa 2,647 wa Ulaya, nusu wakipewa bisoprololi na nusu kidonge kisicho na dawa, wote wakiendelea na matibabu yao ya kawaida. Waliofariki miongoni mwa wasiopewa dawa walikuwa asilimia 17.3, miongoni mwa waliopewa, asilimia 11.8. Ni nadra kidonge cha bei nafuu kuokoa watu wengi kiasi hicho.

Siri ni polepole. Dawa huanzwa kwa kiasi kidogo sana, kisha huongezwa kila baada ya wiki mbili hivi, mgonjwa akipimwa. Wiki za kwanza mtu anaweza kujisikia mchovu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuiweka dawa juu ya kabati. Anayejua kwamba uchovu huo mara nyingi hupungua, na kwamba kiasi kinaweza kurekebishwa, huwa na subira zaidi. Mhudumu anayeandika dawa bila kumweleza mgonjwa hilo amefanya nusu ya kazi.

Kwa moyo mnene kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Msuli wa moyo hujilisha zaidi wakati umelegea, katikati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde moja, na karibu theluthi mbili za sekunde hiyo ni mapumziko. Ukipiga mara 120, pigo ni nusu sekunde, na kinachokatwa zaidi ni mapumziko. Ukuta mnene, wenye njaa tayari, unanyimwa muda wa kula. Na chumba kigumu kinanyimwa muda wa kujaa. Kidonge kinachoirudisha kasi chini kinaurudishia moyo muda wake.

Na sasa siku ya nne ya fundi. Masikio yakizibwa na dawa kama propranololi au metoprololi kwa wiki na miezi, seli hutega zaidi. Kwa kuwa haisikii kelele tena, hurudisha vipokezi nje na hata kuongeza vipya. Mradi dawa ipo, hilo ni jambo jema, kwa maana masikio yaliyopotea yanarudi na yamekingwa. Lakini dawa ikikatizwa ghafla, huisha mwilini ndani ya siku moja au chache, na vipokezi vile vyote hubaki wazi kwa pamoja. Adrenalini ileile ya kila siku, isiyozidi ya jana, sasa inasikika kama kipaza sauti. Ongeza msiba, usiku wa kukesha na chai ya rangi kikombe baada ya kikombe. Moyo hukimbia, presha hupanda, na aliye na mishipa ya moyo iliyobanwa anaweza kupata maumivu makali ya kifua au hata shambulio la moyo. Madaktari waligundua hatari hii tangu miaka ya 1970, na ndiyo maana maelezo yaliyomo ndani ya maboksi ya dawa hizi huonya zisiachwe kwa mkupuo. Zikilazimu kuachwa, kiasi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja, mbili au zaidi, mtu akiwa chini ya uangalizi.

Haya yasieleweke kwamba kila mwenye presha anahitaji dawa ya kuzuia beta. Kwa presha ya kawaida, isiyo na shida nyingine ya moyo, zipo dawa zinazofaa zaidi kuanzia. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti uliofuata watu zaidi ya 9,000 wenye presha na dalili za moyo ulionenepa. Nusu walitumia losatani na nusu atenololi. Presha ilishuka karibu sawasawa kwa makundi yote mawili, lakini waliotumia losatani walipata kiharusi kwa uchache zaidi, na unene wa moyo ulipungua zaidi kwao. Na mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Afrika, ukiwahusisha wagonjwa 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi, amlodipini ikichanganywa na dawa nyingine moja hushusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kwa hiyo jirani akiwa na atenololi na mwenziwe akiwa na amlodipini, hakuna aliyepunjwa. Kila moyo una sababu yake, na habari njema ni kwamba presha ikishushwa na kukaa chini, ukuta ulionenepa unaweza kupungua unene.

Upo unene wa moyo usiotokana na presha kabisa. Huu ni wa kurithi, na humpata takriban mtu mmoja kati ya 500. Chembe za urithi zinazotengeneza nyuzi za msuli wa moyo huwa na kasoro, ukuta ukanenepa hadi milimita 15 na zaidi, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto wake. Mwaka 1958 daktari Donald Teare wa London alieleza mioyo minane ya namna hiyo, karibu yote ya vijana waliokufa ghafla. Wapenzi wa soka wataikumbuka tarehe 26 Juni 2003: Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, hakuna mchezaji aliyemgusa. Uchunguzi wa maiti ulikuta dalili za ugonjwa huu. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Kwa moyo wa namna hii adrenalini ya mchezo ni kama petroli kwenye makaa. Baadhi ya wenye ugonjwa huu ukuta wao hujitokeza hadi kuziba njia ya damu, na kadiri moyo unavyojikaza kwa nguvu ndivyo njia inavyozidi kuziba. Hapa dawa za kuzuia beta ni miongoni mwa za kwanza kutumiwa. Walimu wa michezo na wazazi wana kazi moja ya kufanya: kijana akizirai akiwa anakimbia, si baada ya kukaa juani kwenye gwaride bali katikati ya mbio, asirudishwe uwanjani kwa kumwagiwa maji. Apelekwe apimwe moyo. Na katika familia ambamo kijana mzima wa afya amekufa ghafla bila sababu kujulikana, ndugu zake wa tumbo moja, wazazi na watoto wake wapimwe. Yapo maeneo ambako kifo cha namna hiyo huhesabiwa kuwa ni mkono wa mtu, na muda wa kuwapima walio hai hupotea katika kumtafuta mchawi.

La miraa na muguka lisipite kimya, ingawa kila likitajwa watu huanza kugeukiana. Kemikali iliyomo, kathinoni, hufanya kazi kwa kuzifanya neva zitoe noradrenalini zaidi. Maana yake ni kwamba mtafunaji huongeza kelele ileile ambayo dawa inajaribu kuizuia. Mapigo huongezeka, presha hupanda, usingizi hukimbia. Mtu mwenye moyo ulionenepa anayetafuna huku akimeza vidonge anavuta kamba pande zote mbili. Sheria na biashara ya zao hilo ni mjadala mwingine wenye wenyewe. Hapa ni habari ya moyo tu, na mgonjwa hana sababu ya kumficha mhudumu kwamba anatafuna, kwa sababu kipimo cha presha kilichochukuliwa shavu likiwa limejaa hakimsaidii yeyote.

Sasa wenye pumu. Vile vipokezi vya beta-2 vya mapafuni ndivyo vinavyofungua njia za hewa. Propranololi huziba beta-1 na beta-2 bila kubagua, na inaweza kumsababishia mwenye pumu mbano mkali wa kifua. Hata zile zinazolenga moyo zaidi, kama atenololi na bisoprololi, zinahitaji tahadhari. Kwa hiyo kugawana vidonge vya moyo kati ya majirani, jambo linalofanywa kwa nia njema kabisa, kunaweza kumuua mtu. Wenye kisukari wanaotumia insulini nao waelezwe jambo hili: dawa hizi huficha kutetemeka na mapigo ya haraka yanayomwonya mtu kwamba sukari imeshuka. Kinachobaki kuwaonya ni jasho na kuchanganyikiwa. Na wapo vijana wanaomeza propranololi kabla ya usaili au kabla ya kushika maikrofoni harusini, wakiambiana kwamba inaondoa woga. Inaondoa kutetemeka, ni kweli. Lakini hakuna aliyewauliza kwanza kama wana pumu.

Kuhusu kupimwa: mtu aketi dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kutafuna katika nusu saa iliyopita. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuandikwa kuwa mgonjwa, isipokuwa kiwe juu sana. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mashine wanaweza kupima nyumbani kwa mtu. Unene wa moyo wenyewe hauonekani kwa mashine ya mkononi. Huonekana kwa kipimo cha umeme wa moyo, na vizuri zaidi kwa picha ya mawimbi ya sauti inayoitwa eko. Aliyekaa na presha kwa miaka ana haki ya kumuuliza daktari kama kipimo hicho kinamfaa.

Jambo la mwisho ni la safari na misiba, kwa sababu humo ndimo vidonge vingi huachwa. Anayetumia dawa yenye jina linaloishia kwa l, o, l asisubiri kidonge cha mwisho ndipo arudi kliniki. Arudi kikiwa kimebaki cha wiki moja. Akisafiri, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililofungwa juu ya basi. Akisahau kidonge kimoja, ameze atakapokumbuka, lakini kama muda wa kinachofuata umekaribia, aruke kilichopita na asimeze viwili kwa pamoja. Na zikimwishia ugenini, asikae siku tatu akisubiri kurudi kwake. Fundi wa mfano ule angeweza kwenda kituo cha afya kilicho karibu na matanga, akiwa na boksi tupu mfukoni au picha yake kwenye simu. Boksi tupu linatosha kumwonyesha mhudumu la kufanya, kwani lina jina la dawa na kiasi chake kwa miligramu.